Darubini haikuwa mbovu, Zohali ndiyo iliyolaza pete

Nianze na aibu yangu. Siku nne baada ya kuitoa darubini hii kwenye boksi niliirudisha humo humo, nikabandika gundi ya karatasi juu, nikamwandikia muuzaji kwamba kaniuzia kitu kibovu.

Niliinunua kwa ajili ya pete za Zohali tu. Usiku ule wa Septemba 2025 nilihangaika karibu saa nzima kuitafuta ile sayari, na nilipoipata nikaona kitufe cha rangi ya siagi kilichopitishwa sindano katikati. Mimi ni fundi cherehani, kitufe na sindano nakutana navyo kila siku, sikuhitaji kununua darubini ili nivione.

Muuzaji alijibu kwa mstari mmoja: mwaka huu pete zimelala. Nikasema hayo ndiyo maneno ya wauzaji. Nikaenda kusoma ili nije nimbishie vizuri, na nikakuta ana haki. Machi 23, 2025 Dunia yetu ilikatiza kwenye usawa wa zile pete, tukawa tunazitazama kwa ukingo, na hadi mwisho wa mwaka zilibaki zimelala karibu hivyo hivyo. Ukipima kutoka upande mmoja hadi wa pili, pete kuu zinapita kilomita 270,000, lakini unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu. Chukua kitambaa chepesi, kinyooshe, kisha kitazame kwa ukingo wake: kitabaki uzi. Jambo hili hurudi kila baada ya miaka 13 hadi 16 hivi, nami katika miaka yote nikachagua huo. Kilichonipoza ni kwamba Galileo, yule Mwitaliano mtazamaji nyota wa zamani, naye liliwahi kumkuta. Mwaka 1610 aliona Zohali ina vitu viwili ubavuni, akadhani ni sayari tatu zilizopangana. Mwaka 1612 akatazama tena, vimetoweka, asijue vimekwenda wapi. Ilibidi aje Mholanzi Christiaan Huygens, naye mtazamaji nyota, ambaye mwaka 1659 alichapisha maelezo kwamba ile ni pete bapa inayoizunguka sayari bila kuigusa.

Basi nikalifungua boksi. Haya ninayoyaandika ni baada ya miezi kadhaa ya kuitumia.

Ni darubini ya kuweka mezani, inayokusanya mwanga kwa kioo kama cha kujitazamia, si kwa lenzi. Kioo kikuu kina upana wa milimita 130 na fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) ya milimita 650. Umbo hili linauzwa kwa majina mbalimbali, kwa hiyo jina la kampuni yangu halitakusaidia. Inakuja na lenzi mbili za jicho: ya milimita 25 inayokuza mara 26, na ya milimita 10 inayokuza mara 65. Ukiona boksi la darubini ndogo limeandikwa inakuza mara 500, liache hapo hapo. Kwa kioo cha milimita 130, hata hewa ikiwa imetulia kabisa, ukivuka mara 260 unakuza ukungu tu.

Neno "mezani" lisikudanganye. Meza nyingi zinatikisika, na ukikuza mara 65 hata pumzi yako inaonekana. Nilijaribu meza ya kukatia nguo, nikajaribu kiti, mwishowe nikaiweka juu ya kigoda kizito cha miguu mitatu, nami nikakaa chini. Hapo ndipo nyota zilipoacha kucheza.

Bomba lake halijafungwa. Nusu ya juu ni vyuma viwili vya kuvuta, katikati wazi, kwa hiyo taa yoyote ya jirani inaingia moja kwa moja. Hili ndilo kosa lake kubwa, na kwangu ndilo lililokuwa tamu kuliko yote, maana ni kazi yangu. Nilishona mfuko wa kitambaa kizito cheusi. Wa kwanza ulilegea ukaning'inia ndani na kuziba njia ya mwanga. Wa pili nikauwekea lastiki juu na chini na ukanda mgumu katikati, ukakaa kama soksi. Usiku huo huo nikaangalia wingu la gesi lililo kwenye kundi la nyota la Orioni, na zile nyota nne zilizosongamana katikati yake zikatengana, kila moja peke yake. Usitarajie rangi za picha za magazetini, lakini. Ni kijivu chenye ukijani wa mbali.

Kirekebisha fokasi chake ni cha kuzungusha kama kifuniko cha chupa, na nyuzi zake za skrubu zimelegea. Tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba, mizunguko miwili, imemaliza usumbufu huo.

Picha inakuja kichwa chini miguu juu. Kwa nyota haina neno.

Mwezi ndio unaowanyamazisha watu. Usiwaonyeshe ukiwa mpevu, utawaumiza macho na hawataona kitu. Waonyeshe ukiwa nusu, kwenye mpaka wa giza na mwanga, ambako vivuli vinayachonga mashimo yakawa na kina. Shimo liitwalo Copernicus lina upana wa kilomita 93 na ngazi za kuta zake zinaonekana. Kila mgeni lazima aulize kama bendera iliyoachwa huko na wanaanga wa Apollo 11 inaonekana. Haionekani. Kwa kioo hiki shimo la kilomita mbili tayari ni la kubahatisha.

Sayari ya Mshtarii ilinipa mikanda miwili na miezi minne, na mmoja wao, Io, unahama ukiutazama, mradi uwe na subira ya chai moja. Kilimia chote kinaenea kwenye lenzi ya milimita 25, kama shanga zilizomwagika juu ya velveti. Andromeda, galaksi jirani yetu, ni doa la moshi, ila mwanga wa doa hilo umesafiri miaka milioni mbili na nusu.

Onyo moja na sitalirudia: usiielekeze kwenye Jua bila kichujio maalumu mbele ya bomba. Jicho haliwekwi kiraka.

Nimeshamwomba radhi muuzaji. Zohali bado naifuatilia. Novemba sindano ilizidi kuwa nyembamba, nikatabasamu badala ya kununa. Kuanzia hapo pete zinafunguka kidogo kidogo, na mnamo mwaka 2032 zitakuwa zimeinama kuliko wakati wowote katika mzunguko huu. Kurudisha darubini siwezi tena hata nikitaka. Boksi nimeshalikata, nimetolea kielelezo cha kola.