Sketi ya ngoma iliyonifundisha hesabu

Nilitaka sketi ya kuchezea ngoma, ya duara kamili, si ile ya marinda yanayojazana kiunoni. Fundi akanipima: kiuno sentimita 70. Akagawanya kwa 6.28, yaani pai mara mbili, akapata kama 11, na hiyo ndiyo nusukipenyo ya tundu la kiuno. Akaongeza urefu wa sentimita 60, ikawa 71; akazidisha tena kwa 6.28, pindo likatoka karibu mita 4 na nusu kuzunguka! Ndiyo maana nikizunguka, sketi inainuka kama mwavuli, haininasi miguuni. Hapo sina neno, kazi safi.

Lawama yangu iko kwenye mshipi wa shanga alionitungia fundi huyo. Rangi zinakwenda nne nyekundu, nne nyeupe, nne nyeusi, kisha zinarudia. Mzunguko mmoja shanga 12. Mstari mzima una shanga 150. Kumi na mbili haziingii sawasawa ndani ya 150, zinabaki sita. Kwa hiyo pale mshipi unapokutana, nyeupe ni mbili tu, nyeusi hakuna kabisa, halafu nyekundu zinaanza upya. Angetunga 144, au 156, mchoro ungejifunga wenyewe na asingejua mtu ulipoanzia.

Nilipomwonyesha alicheka, akasema nifiche kiungo mgongoni. Mimi nacheza nikigeuka, bwana! Mgongo nao unaonekana.

Njuga alizonipa kama nyongeza ni nyepesi, zinalia vizuri. Sketi ningeagiza tena kesho. Mshipi nitautunga mwenyewe.