Miezi 14 na flatbedi ya UV: upande wa kwanza raha, upande wa pili kazi

Flatbedi ya UV ni printa ya mabango: shiti linalala juu ya meza bapa, kichwa cha kuchapia kinapita juu yake, na wino unakaushwa kwa taa ya UV. Kwa bango la upande mmoja sina la kulalamika. Wino unakauka papo hapo chini ya taa, rangi nyeupe inafunika vizuri, na maandishi madogo yanasomeka hata kwenye plastiki yenye mifereji. Ningeandika uzoefu wangu wiki ya kwanza tu, ningeipa nyota zote tano.

Wiki ya tatu ikaja kazi ya mabango ya mshale, pande mbili, alukobondi (ubao wa plastiki uliofunikwa alumini pande zote) ya mm 3, yakatwe kwa kufuata umbo. Upande wa mbele ulitoka safi. Nikageuza shiti, nikalisukuma kwenye pini zile zile (vigingi vidogo vya mezani vya kuegemezea kingo za shiti), nikachapa, nikakata. Nilipoliinua bango la kwanza nikaona nyuma kuna uzi mweupe ubavu mmoja wa mshale, na ubavu wa pili kisu kimekula rangi. Mchoro ulihama mm 3 kasoro kidogo. Mashiti manne yakaenda na maji, nami nikaanza kumlaumu fundi aliyeifunga mashine.

Fundi hakuwa na kosa, angalau si kwa hilo. Mashine yangu ina pini mbili ukingo wa mbele na moja kushoto. Ukigeuza shiti kama unavyofunua ukurasa wa kitabu, ukingo wa mbele unabaki kwenye pini zake, ila ukingo uliokuwa kushoto unahamia kulia. Pini ya kushoto sasa inagusa ukingo mwingine kabisa. Shiti lingekuwa na upana kamili wa mm 1220 isingekuwa neno, lakini mashiti hayako hivyo. Nilipima bunda moja nikakuta la mm 1218, la 1221, na moja ambalo juu lina kipimo kimoja na chini kingine. Tofauti yote hiyo inamwagikia upande wa pili.

Dawa yake ni kwamba ukingo ulioupimia upande wa kwanza ndio huo huo uupimie upande wa pili, popote utakapoangukia. Programu ya mashine inaniruhusu kuanza kuchapa kutoka kona ya kulia, hilo nawapongeza watengenezaji. Ila pini ya kulia hawakuweka! Yaani wamekupa mlango bila bawaba. Nimebandika rula ya chuma kwa tepu ya pande mbili upande wa kulia wa meza, na nikilaza shiti kwa upande wa pili nalisogeza liguse rula hiyo. Imekaa tangu mwezi wa pili, haijasogea.

Nikadhani nimemaliza. Kwenye mabango marefu nikakuta mchoro umepinda, katikati sawa, ncha zimeachana. Hili ndilo lililonila siku mbili. Nilichapa mstari mmoja mrefu sambamba na ukingo wa mbele, nikapima umbali wake: kushoto mm 10, kulia 11. Nikageuza, nikachapa tena, namba zikatoka zile zile, 10 na 11. Ukiangalia haraka utasema safi, mashine haibadiliki. Lakini shiti limegeuzwa, kwa hiyo 10 ya nyuma imekaa mgongoni mwa 11 ya mbele, na 11 mgongoni mwa 10. Pini mbili za mbele hazikuwa sambamba na mwendo wa kichwa, na kupinda kokote kunajirudia mara mbili ukigeuza. Kwa upande mmoja hakuna mteja angegundua milele. Nililegeza skrubu ya pini moja, nikaisogeza unywele, nikachapa tena, mpaka namba mbili zikalingana.

Siku hizi kabla ya kazi ya pande mbili nachapa msalaba mdogo kila kona ya shiti moja la majaribio, natoboa katikati yake kwa keekee ya mm 1, nageuza, nachapa misalaba ya upande wa pili. Tundu likitokea katikati ya msalaba, naendelea. Kwa bango la kawaida la mstatili nakubali kosa la hadi nusu milimita. Kwa umbo la kukatwa naongeza rangi mm 3 nje ya mstari wa kisu, pande zote mbili, na mambo yanakwisha.

Foreksi nyembamba (ubao mwepesi wa povu la PVC) ina vituko vyake. Wino wa UV hujivuta kidogo unapokauka, na ukijaza rangi shiti zima, kingo zinainuka. Upande wa pili vakyumu, yaani hewa inayofyonza shiti kupitia matundu ya meza, inashindwa kuzilaza na kichwa kinapita juu yake kwa pengo la mm 2 tu. Mara moja nilisikia kikikwaruza. Matundu ya meza yasiyofunikwa na shiti yazibe kwa tepu ya karatasi, utasikia mlio wa vakyumu ukibadilika, na kona zikigoma zishike kwa tepu.

Kama kazi zako ni za upande mmoja, ichukue. Kama nusu yake ni pande mbili, muulize muuzaji kuhusu pini ya kulia kabla hujalipa. Mimi naipa nyota nne. Halafu futa meza kila unapogeuza: chembe moja ya wino mkavu ikibaki chini, ule upande wako mzuri wa kwanza ndio utakaochubuka.