Suti ya kuzamia Ziwa Kivu: ununue ya milimita ngapi?

Suti yangu ya kwanza ilikuwa ya unene wa milimita 7. Niliinunua kwa msafiri aliyekuwa anarudi kwao, bei nzuri, nikajiona mjanja. Nilipoivaa hapa Goma nilichemka kama maharage kabla sijagusa maji, kisha ikakataa kuzama mpaka nikajifunga vizito vya risasi kiunoni kama punda wa mizigo. Muuzaji hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyefuata ushauri wa maziwa ya Ulaya.

Kule, kwenye ziwa kama Geneva, maji ya juu huwa vuguvugu wakati wa kiangazi, lakini ukishuka kidogo unaingia kwenye tabaka la baridi kali. Kivu si hivyo. Juu maji huwa nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima, na katika mita 20 au 30 za mzamiaji wa kawaida hupoa kidogo tu. Chini zaidi, kupita mita 80 hivi, yanaanza hata kupata joto tena. Huko usiende: gesi iliyoyeyuka katika vilindi haijali umevaa nini.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni milimita 5, yenye mikono na miguu mirefu. Wapo watakaocheka: nyuzi 24 nayo ni baridi? Kwa dakika 15 za kwanza, si baridi. Lakini mwili una nyuzi 37, na maji hunyonya joto lake haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Dakika ya 40 meno yenyewe yatakujibu. Tena neopreni ni mpira uliojaa vipovu vya gesi. Ukishuka vinabanwa, na ile 5 uliyolipia inakuwa nyembamba pale pale unapoihitaji. Ukitoka majini Juni au Julai, upepo wa ziwa unakusubiri.

Namba mbili, milimita 3. Inamtosha anayeogelea juu akitazama chini kwa miwani, au anayezama bila kupita mita 10 kwa nusu saa. Ni nyepesi na hukauka haraka. Mtu mwembamba aongeze fulana ya neopreni ndani.

Ya 7 naiweka ya tatu, kwa wanaozama mara tatu kwa siku au walio wepesi sana wa kutetemeka. Ya mikono na miguu mifupi ni ya mwisho kabisa, na sababu si baridi. Ni mawe. Ufuko wetu ni wa volkano, na lava ya 2002 ilifika mpaka ndani ya ziwa. Goti tupu juu ya jiwe lile halirudi zima. Hata kwenye suti ndefu, tafuta yenye kiraka kigumu magotini.

Ukinunua iliyotumika, ibane kwa vidole viwili. Isiporudi haraka, vipovu vimekufa, na namba iliyoandikwa kifuani haina maana tena. Vuta mishono uone kama mwanga unapita. Kisha ivae, uchuchumae, uinue mikono: ukiwa nchi kavu suti inapaswa kukubana, na kiunoni nyuma pasibaki mfuko, maana maji yatakuwa yanaingia na kutoka humo.

Vizito vya risasi navyo vipunguze. Maji yetu hayana chumvi, hayakuinui kama bahari: mtu wa kilo 100 pamoja na vifaa vyake hupunguza kilo 2 na nusu hivi kutoka kiasi alichozoea Mombasa. Na kwa kuwa Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kompyuta ya kuzamia ya mkononi iwekwe kwenye hesabu za mwinuko.

Kuvalia, chagua mahali palipoinuka. Kwenye mashimo ya ufukweni mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyo nzito kuliko hewa na inayoua, hutulia kimya, na mtu aliyeinama akihangaika na zipu ndiye wa kwanza kuyavuta.