Kikaguzi cha lugha ya kijinsia ndani ya Word: kinakamata "chairman", "bwana shamba" anakipita

Ofisi inayolipia Microsoft 365 tayari ina kikaguzi cha lugha ya kijinsia ndani ya Word, ila hutakiona mpaka ukiwashe mwenyewe. Kwa anayeandika matangazo ya kazi, barua za ajira na kanuni za utumishi kwa Kiingereza, kinastahili kuwashwa leo. Kwa anayeandika kwa Kiswahili hakina msaada, na upande huo kazi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kwenye kompyuta ya Windows fungua File, kisha Options, kisha Proofing. Pembeni ya Writing Style kuna kitufe cha Settings. Kibonyeze, uteremke hadi sehemu ya Inclusiveness. Utakuta visanduku vingi, vikiwemo vya umri, utamaduni na rangi. Kwa jinsia, weka tiki kwenye Gender Bias na Gender-Specific Language, halafu OK. Kile cha Gender-Neutral Pronouns kiache kwanza, sababu nitaieleza. Word ya bure ya kwenye intaneti isikupotezee muda kwa kazi hii: ukaguzi wake ni wa msingi tu.

Ukishawasha, maneno kama chairman, policeman na mankind yanapigiwa mstari, na ukibofya kulia unapewa mbadala. Faida yake inaonekana zaidi kwenye nyaraka za kurithi: katiba ya SACCOS, kanuni za bodi ya shule, mkataba ulionakiliwa kutoka kwa mwingine miaka na miaka. Katiba ya Kenya ya 2010 inatumia chairperson, lakini vyama vingi bado vinaandikisha kanuni zenye chairman kila ukurasa kwa sababu kielelezo walichopewa ni cha zamani. Hapa kikaguzi kinaokoa macho ya mtu.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni ukimya. Umewasha kila kitu, neno policeman liko mbele yako, na hakuna mstari. Mara nyingi maandishi yamebandikwa kutoka kwingine na yamekuja na lugha yake, au Word imeyahesabu kuwa Kiswahili. Chagua waraka wote kwa Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua English, na uhakikishe kisanduku cha Do not check spelling or grammar hakina tiki. Waraka wenye lugha mbili, kama mkataba wa Kiingereza na Kiswahili ubavuni, uuwekee lugha safu kwa safu.

Pili, kikaguzi hakijui mahali neno lilipo. Mankind ndani ya nukuu au chairman ndani ya jina la kifungu cha sheria unachokinukuu visibadilishwe, hata mstari ukijitokeza. Kwa hiyo usipitishe mabadiliko kwa mkupuo. Soma moja moja.

Sasa kile kisanduku cha viwakilishi. Kazi yake ni kupendekeza they badala ya he or she. Kwenye barua ya kawaida hakuna shida. Kwenye mkataba wenye mwajiri, mwajiriwa na mdhamini, they inazua ubishi: nani hasa atalipa, mmoja au wote? Rudia nomino, yaani the employee, hata kama sentensi itakuwa nzito kidogo. Mkataba ueleweke kwanza. Pia usitegemee kikaguzi kukamata he iliyosimama peke yake. Hiyo hujipenyeza pale rasimu ya Kiswahili, yenye "meneja atasaini nakala yake", inapopitishwa kwenye programu ya kutafsiri. Meneja anaweza kurudi akiwa mwanamume na katibu muhtasi akiwa mwanamke, wakati Kiswahili hakikusema lolote kati ya hayo. Itafute mwenyewe kwa Ctrl+F.

Tukija kwenye Kiswahili chenyewe, kuna faraja ya uongo kwamba kwa kuwa "yeye" na "mwenyekiti" ni vya wote, lugha yetu haina la kurekebishwa. Angalia fomu ya bima inayouliza "Jina la mke", mwaliko wa sherehe ya kazini kwa "wafanyakazi na wake zao", tangazo la "anahitajika mdada wa kuuza duka", au barua ya halmashauri kwa "bwana shamba" ilhali mtaalamu wa kata hiyo ni mama mwenye shahada ya kilimo. Haya yanafungia watu nje kabisa. Na tangazo la kazi lina uzito wa kisheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, na ile ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, zote zinakataza ubaguzi wa kijinsia na zinamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa bado.

Dawa iliyopo ndani ya Word ni Ctrl+H (tafuta na kubadilisha), ukiwa umeondoa tiki kwenye Find whole words only. Tafuta "meoa", itakuletea ameoa, umeoa na nimeoa kwa pamoja, kisha "meolewa". Kwenye fomu weka "Hali ya ndoa: yuko kwenye ndoa". Tafuta "bwana" na "bibi": bwana shamba awe ofisa ugani, bwana afya awe ofisa afya. "Mke" na "mume" kwenye fomu viwe "mwenza". "Mdada" na "kijana wa kiume" viwe muuzaji, mhudumu, mlinzi, kadiri ya kazi yenyewe. Mwanzo wa barua, "Ndugu" inawatosha wote kwa Tanzania; Kenya, ambako Bw. na Bi. vimezoeleka, andika jina kamili au cheo kama hujui unayemwandikia.

"Mama lishe" usimfute kwa mashine. Wenyewe wanajiita hivyo kwa fahari. Ongeza "na baba lishe" pale kanuni inapowahusu wote, kama kwenye tangazo la vizimba vya soko.