Shule ya parokia: bweni au kutwa?

Kila Januari wazazi wa Moshi huulizana swali hilo, hasa wanaotaka mtoto akue katika imani.

Kwa gharama, kutwa ni nafuu, ingawa nauli ya daladala kutoka Kibosho au Uru nayo hula pesa kimyakimya.

Kwa sala, bweni lina ratiba isiyoyumba: misa ya asubuhi, rozari ya Oktoba, Njia ya Msalaba Ijumaa za Kwaresima. Wa kutwa hutegemea nyumbani. Mzazi asiposali, naye hasali.

Ila kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo (vikundi vya majirani wanaosali pamoja majumbani), ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, wa kutwa yuko mbele sana. Anaongozana na bibi hadi kwa jirani, anasoma Injili mbele ya wazee, anapeleka mchango kwa mgonjwa, anajua nani kafiwa. Wa bweni mara nyingi husali kwa kengele (masista mnisamehe).

Nyumba yenu ikisali na shule ikiwa karibu, kutwa inatosha. Mkirudi kazini usiku kila siku, bweni litawafaa. Likizo tu apelekwe jumuiya, hata akinuna.