Kioo Kinachopepesa: Ipime Simu ya OLED Kabla ya Kuilipia

Mwakeye ndugu zangu, karibuni tena. Niko hapa Mwanga, Kigoma mjini, mchana kweupe, ila nimefunga dirisha na kushusha pazia, maana ninachotaka mkione leo hakionekani kwenye jua. Mezani nina simu mbili. Hii ya kushoto ina kioo cha OLED, hii ya kulia ina kioo cha LCD. Zote ni used. Majina ya kampuni nimeyaziba kwa plasta, kwa sababu leo nachambua kioo, na tabia hii ya kioo mtaikuta kwa kampuni nyingi.

Nimeamua kulizungumza hili kutokana na ujumbe mnaonitumia. Mwalimu mmoja ameniandikia hivi: "Kaka, tangu nibadilishe simu macho yananivuta, kichwa kinagonga, na inakuwa usiku tu. Mchana niko vizuri. Nimepimwa macho, nimeambiwa sihitaji miwani. Dukani wananiambia nitazoea." Wengi huzoea kweli, au niseme tangu mwanzo hawasikii chochote. Lakini wapo ambao hawazoei ng'o, na ukiwaambia watazoea unawaacha na maumivu yao pamoja na simu waliyoinunua kwa hela ya jasho. Hao ndio ninaowasemea leo.

Sasa tazameni. Simu zote mbili nimezifungulia picha nyeupe tupu, mwanga nimeushusha mpaka karibu na mwisho. Kwa macho zinafanana, zote zimetulia. Nachukua simu ya tatu, naingia kwenye kamera upande wa Pro, ule wa kujipangia mwenyewe, shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, naiweka moja kwa elfu moja ya sekunde. Auto usitumie, kwa sababu kamera ikiwa auto inajirekebisha yenyewe na inaweza kukuficha ukweli. Naanza na ya kulia, ya LCD. Mnaona? Nyeupe tupu, imetulia. Nahamia ya kushoto. Ona hiyo michirizi! Mistari minene myeusi inateremka juu ya kioo, mmoja unamfuata mwenzake. Naongeza mwanga wa simu taratibu, mistari inakonda. Naushusha, inanenepa. Naomba mlishike hilo la kunenepa, tutarudi kwalo.

Kinachotokea ni kwamba kioo kile kinawaka na kuzima. Kwenye OLED kila nukta inajiwashia taa yake yenyewe, hakuna taa ya nyuma kama kwenye LCD. Ukitaka kupunguza mwanga una njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza umeme unaokwenda kwenye nukta, mwanga ukafifia huku ukiwa umetulia. Ya pili ni kuacha umeme uleule, lakini uwashe na kuzima haraka haraka, muda wa kuzima ukizidi, jicho linaona mwanga umepungua. Watengenezaji wengi wa OLED walikimbilia hii ya pili, kwa sababu umeme ukipungua sana rangi zinapotoka na kioo kinaonyesha mabaka. Njia hiyo inaitwa PWM. Kwa hiyo uzuri wa rangi unaousifia dukani, sehemu yake imelipiwa na kupepesa.

Na ndiyo maana yule mwalimu anaumia usiku. Ukiwa pale Kibirizi saa saba mchana, simu imepandisha mwanga mpaka juu ili uone kitu, kioo kinawaka karibu muda wote. Usiku umeme umekatika, umelala chali, mwanga umeushusha ili usimsumbue mwenzako, hapo kioo kinakaa gizani muda mrefu kuliko kinavyowaka. Ile mistari iliyonenepa kwenye kamera ndiyo hiyo. Watu wanashusha mwanga wakijua wanapumzisha macho, kumbe kwa kioo cha aina hii mtu mwenye macho mepesi anajiongezea mzigo.

Mtu ataniuliza, mbona sioni kikipepesa? Huwezi. Kupepesa kukishapita mara 60 mpaka 90 kwa sekunde, jicho lililotulia linaunganisha, linaona mwanga mmoja. Lakini jicho halitulii, hasa unaposoma. Linaruka kutoka neno hadi neno, na katika kuruka huko kila mmweko unaangukia sehemu tofauti ya jicho. Hilo mnaweza kulijaribu bila kamera. Nimechomoa njiti moja kwenye ufagio wa chelewa. Giza, kioo cheupe, mwanga chini, napunga njiti mbele ya kioo upesi upesi. Kwenye LCD yangu kivuli kinaenea laini, hakina mipaka. Kwenye hii OLED, angalieni, kivuli kimegawanyika vipande vipande, kama meno ya chanuo. Yaani njiti ni moja lakini naziona nyingi. Ukiona hivyo, kioo kinapepesa, na kinapepesa polepole.

Neno polepole ndilo lenye pesa hapa. Kupepesa hupimwa kwa hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde. iPhone X ya mwaka 2017, simu ya kwanza ya Apple kuwa na OLED, hupimwa kwenye hezi 240 hivi. Galaxy S nyingi za Samsung nazo zimekaa miaka hapo hapo kwenye 240. iPhone kadhaa zilizofuata zimepanda hadi 480 hivi. Halafu wakaja wengine na hesabu kubwa zaidi: Redmi Note 13 Pro imetangazwa kwa 1920, Infinix Note 40 Pro kwa 2160, Honor 90 kwa 3840. Kwenye 240, mzunguko mmoja wa kuwaka na kuzima unachukua kama milisekunde 4. Kwenye 1920 ni nusu milisekunde tu. Mwaka 2015 wahandisi wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, walitoa mwongozo wa taa za LED, na ukiufuata kwa mwanga unaozima kabisa, hatari inahesabiwa ndogo kuanzia hezi 1250, na kuanzia hezi 3000 athari hazitarajiwi. Mwongozo ule uliandikiwa taa, sio simu, lakini unakupa mahali pa kusimama. Mimi simu ya 240 kwa mtu anayeumwa kichwa siipendekezi, hata iwe na kamera ya namna gani.

Tahadhari, ndugu zangu. Muuzaji akikwambia "hii ni hezi 120, haipepesi", hajakujibu. Hiyo 120 ni mara ngapi picha inabadilishwa kwa sekunde, ndiyo inayofanya kuperuzi kuwe laini. Simu inaweza kuwa na 120 ya picha na bado mwanga wake ukawa unapepesa kwa 240. Ni vitu viwili tofauti, na dukani vinachanganywa kila siku.

Na kuna jambo kubwa zaidi kwetu sisi tunaonunua used. Hesabu zote nilizotaja ni za simu ikiwa na kioo chake cha kiwandani. Ngapi kati ya simu zinazouzwa hapa zina kioo chake? Simu imeanguka, fundi kaweka kingine, na vioo vya kopi viko vya kila aina. Kuna simu zilizozaliwa na OLED ambazo leo zina LCD ya kopi, na kuna OLED za kopi ambazo kupepesa kwake hakufanani na ya mwanzo hata kidogo. Kwa iPhone 11 kwenda mbele unaweza kuingia Settings, General, About, ukaangalia kama kuna ujumbe kuhusu kioo. Kwa nyingine nyingi huna pa kuangalia. Ndiyo maana nasema usinunue kwa jina la simu wala kwa maelezo ya mtandaoni. Pima hiyo uliyoishika.

Kupima dukani ni kazi ndogo. Mwambie muuzaji kwa heshima, "Kaka, naomba nijaribu kioo." Shusha mwanga, weka picha nyeupe, toa simu yako, shata moja kwa elfu moja. Zipime simu mbili tatu kwa kamera hiyohiyo na shata hiyohiyo ili ulinganishe. Mistari michache, minene, myeusi tititi: inapepesa polepole na inazima kweli. Mistari mingi, myembamba, ya kijivu: inapepesa haraka, nafuu. Hakuna mistari: umepata kioo kilichotulia, au kinachopepesa haraka mno. Ila sogea mbali na taa ya duka au omba izimwe, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu mbovu hupepesa mara 100 kwa sekunde, ikaweka mistari yake juu ya kila kitu ukamsingizia simu.

Na hapo kwenye balbu msipapite haraka. Mwaka 1989 kule Uingereza mtafiti Arnold Wilkins na wenzake walibadilisha taa za tyubu ofisini, wakaweka za kupepesa kwa kasi kubwa mno, na maumivu ya kichwa na ya macho kwa wafanyakazi yakashuka kwa zaidi ya nusu. Wafanyakazi wenyewe hawakuwa wakiona kupepesa. Kwa hiyo mtu anayelalamika kuhusu mwanga asioona ukipepesa hajitungii. Ukiumwa kichwa sebuleni, elekeza kamera kwenye balbu kabla hujaitupia simu lawama.

Tayari unayo simu ya OLED na huna hela ya nyingine? Fanya hivi. Usiushushe mwanga wa simu chini. Uache juu ya nusu, halafu uufifishe kwa njia ya programu. Kwenye iPhone nenda Accessibility, Display & Text Size, washa Reduce White Point. Kwenye Android 12 na kuendelea kuna Extra Dim. Hizi zinatia giza picha yenyewe bila kugusa namna taa inavyowashwa. Ngoja niwaonyeshe kwenye hii hii ya kushoto: nimepandisha mwanga, nimewasha kififishaji, macho yangu yanaona mwanga wa usiku uleule wa mwanzo. Kamera sasa. Mistari imekonda sana. Haijaisha, lakini tofauti mnaiona wenyewe. Baadhi ya simu za Xiaomi na Realme zina swichi ya DC dimming kwenye setingi, yaani ile njia ya kwanza ya kupunguza umeme, ukiikuta iwashe. Apple nao kwenye iPhone 17 ya mwaka 2025 wameweka swichi ya kutuliza mipigo ya kioo. Mimi hilo limenifurahisha, kwa sababu watu walilalamika miaka mingi wakionekana wasumbufu.

Miwani ya blue light inayotembezwa mtaani hapa haitibu kupepesa. Inapunguza rangi ya buluu, kupepesa kunapita kama kawaida. Na hata kwa uchovu wa macho kwa ujumla, uchambuzi wa mwaka 2023 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, uliopitia majaribio 17, haukuona kwamba inasaidia kwa muda mfupi kuliko miwani ya kawaida. Protekta isiyong'aa nayo inapunguza mng'ao wa kioo, sio kupepesa. Weka hela yako mfukoni.

Tena si kila jicho linalouma limeumizwa na OLED. Ukikodolea simu unasahau kufumba na kufumbua macho, yanakauka, yanawasha, na hilo litakupata kwenye LCD pia. Ukiwa umevuka miaka 40 na unaisogeza simu mbali ili usome, shida huenda ni miwani ya kusomea. Kipimo changu rahisi: tumia simu ya LCD ya ndugu au jirani usiku, kazi ileile, muda uleule, kwa siku kadhaa. Maumivu yakipotea, kioo chako kina kesi ya kujibu. Yakibaki, nenda hospitali ya Maweni au kituo chochote chenye daktari wa macho. Na ukiona mwanga unamulika jichoni, uoni umepungua ghafla, au kichwa kinauma na kutapika juu, usisubiri video ya mtu, nenda siku hiyohiyo.

Upande wangu, kati ya hizi mbili za mezani, ya kushoto ni nzuri kuliko ya kulia kwa kila kitu: weusi wake ni weusi kweli, rangi zimeiva, hata picha za machweo ya ziwani zinapendeza zaidi humo. Kama macho yako hayana neno, ichukue, hutajuta. Kwa yule mwalimu anayesahihisha na kusoma usiku, ningempa ya kulia bila kufikiri mara mbili. iPhone XR na iPhone 11 ni LCD, ukizipata zikiwa safi zinafaa, na Tecno, Infinix na Samsung za bei ya chini nyingi bado ni LCD. Akitaka OLED kwa lazima, aende kwenye zile za 1920 kwenda juu, na hata hizo azipige kamera kwanza.

Mkishapima simu zenu, niandikieni hapo chini aina ya simu, kama kioo kimewahi kubadilishwa, na mistari mliyoiona ilikuwa minene au myembamba. Mwenye simu ya 3840 hapa Kigoma mjini, Ujiji au Gungu, naomba aniazime kwa jioni moja tu niipige njiti mbele yenu.