Kifurushi cha kufumia ua la popi: nimekinunua mara mbili

Mwishoni mwa Oktoba mwaka jana niliingia duka dogo la nyuzi hapa Leicester, nikanunua kifurushi cha kufumia ua la popi kwa pauni 6 na peni 50. Nilikitumia chote, nikarudi kununua cha pili, kwa hiyo nina la kusema. Nitaeleza pia yaliyonipata nilipolivaa ua lenyewe, maana anayetaka kununua ajue kabisa kwamba popi ya kufuma huivai ukaachwa upite kimya.

Kwa msomaji ambaye hajaishi Uingereza: kuanzia mwisho wa Oktoba hadi tarehe 11 Novemba watu wengi hapa huvaa ua jekundu kifuani kukumbuka waliokufa vitani. Vita vya Kwanza vilisimama Ulaya siku hiyo mwaka 1918, saa tano asubuhi. Chama cha askari wastaafu, Royal British Legion, kinagawa maua haya tangu 1921, na siku hizi ni ya karatasi. Unatia chochote ulichonacho kwenye kopo, unapewa ua, na pesa zinakwenda kwa askari wa zamani na familia zao.

Mimi nafanya kazi jikoni shuleni, napika chakula cha mchana cha watoto. Jikoni haturuhusiwi kuvaa pini, isije ikaangukia kwenye sufuria. Kwa hiyo navaa ua njiani, nalitoa mlangoni, nalivaa tena jioni. Karatasi haivumilii hayo. Ndani ya siku chache nilipoteza matatu, na kila mara nilitia tena pesa, wala sizijutii. Kilichoniuma ni kulikuta la tatu langoni asubuhi, limekanyagwa limekuwa tope. Ndipo nikaenda kutafuta uzi.

Ndani ya kifurushi kuna uzi mwekundu, uzi kidogo mweusi, kijani kidogo zaidi, sindano ya kroshia ya milimita 4, kifungo cheusi cha matundu manne, pini ya kubania nyuma, na karatasi ya maelekezo. Uzi ni mzuri sana. Wekundu wake umekolea bila kung'aa kama plastiki, na hauchambuki ukiuvuta kwenye kitanzi. Wameandika unatosha maua matatu. Mimi nimepata matano. Sindano ni laini, imekaa vizuri mkononi, na naitumia mpaka leo kwa kazi nyingine.

Kifungo ni kizito. Kwenye koti la baridi hutaona tatizo, lakini kwenye blauzi ua linainama, linaangalia chini. Pini ndiyo mbovu hasa: ilipinda siku ya pili. Niliirudisha dukani nikiwa tayari kubishana, lakini mama mwenye duka aliitazama tu, akafungua droo, akanipa mbili za chuma cha maana bila kudai senti.

Maelekezo yanahitaji tahadhari, na hapa anayeanza anaweza kukata tamaa bure. Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Mmarekani akisema mshono maradufu anataka uzungushe uzi kwanza, upate mshono mrefu. Mwingereza akitumia jina hilohilo anamaanisha ule mfupi. Karatasi hii imeandikwa kwa majina ya Marekani, inauzwa Uingereza, na haisemi. Ukiifuata kwa Kiingereza cha hapa unapata kitu kidogo kilichojikunja, kama kishikizo cha sufuria. Mimi niliokoka kwa sababu sikujifunza kwa majina. Mama mdogo alinifundisha Tabora, tumekaa mkekani tukifuma vitambaa vya makochi, yeye akitumia sindano iliyochongwa kwa spoku ya baiskeli. Hakuwahi kuniambia mshono unaitwaje. Alisema, "Tazama mkono." Basi nikatazama picha nikahesabu: minyororo minne unaifunga duara, mishono mirefu kumi na miwili ndani ya duara, halafu safu ya pili unaongeza mara mbili kila tundu ili pindo lianze kujikunja lenyewe. Likijikunja hivyo, usilinyooshe, ndiyo sura ya popi yenyewe. La kwanza lilinichukua zaidi ya saa nzima. Sasa ni dakika ishirini na tano.

Nilipolivaa mara ya kwanza kwenda kazini, mwenzangu mmoja alilitazama pale tunapotundika makoti akasema, "Hiyo si ya kweli." Kisha mbele ya wengine akaongeza kwamba wanaojitengenezea wanakwepa kopo. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimetia pauni tano kwenye kopo mlangoni mwa duka la vyakula. Nilimwambia. Sauti ilinitetemeka, na nilipojisikia nikaona inafanana na ya mtu anayejitetea kwa kosa. Siku nzima nilikata karoti nikiwaza jambo moja: la karatasi mtu anaweza kuliokota chini akalivaa, na hakuna atakayemuuliza ametoa nini. Mimi niliyelipa mara nne ndiye naulizwa.

Mzee wa kituo cha basi alikuja kwa upole. Alisema mwanamke avae upande wa kulia, na jani lielekee namba 11 kwenye uso wa saa, kwa sababu bunduki zilinyamaza saa 11 kwa hesabu yao. Nilimshukuru, nikalisogeza jani. Baadaye nilisoma kwamba Legion wenyewe wanasema hakuna namna moja sahihi ya kuivaa popi. Simlaumu mzee wa watu. Alitaka jambo lifanyike kwa heshima, na mimi nilitaka hivyohivyo.

Lililonikaa moyoni lilitoka kwa watu wetu. Tulikutana Watanzania kwenye shughuli ya mtoto wa rafiki yangu, na kaka mmoja akaniita kwa sauti, "Dada, hata wewe unavaa ua la wakoloni? Tena umelifuma kwa mkono wako!" Watu walicheka. Ningevaa la karatasi asingesema kitu, angeona nimefuata mkumbo wa kazini. Kwamba nimekaa chini nikalifuma ndiko kulikomkera.

Nikamweleza, na naandika hapa nilichomwambia. Babu yangu alikuwa keya. Ndivyo watu wa rika lake walivyoita King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Alipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za monsuni, kwenye tope na malaria, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Alirudi na kabuti la jeshi ambalo lilitundikwa kwenye msumari chumbani kwake hadi nilipokuwa mkubwa. Tukiwa watoto tulikuwa tunaingiza mikono mifukoni kutafuta peremende, na hatukukuta chochote ila vumbi. Malipo ya kumaliza vita yalipangwa kwa rangi ya mtu, Mwafrika akapata kidogo kabisa. Babu aliyajua hayo kuliko mimi na kuliko kaka yule. Bado kila aliposikia jina la mwenzake aliyebaki kule alinyamaza kwanza, ndipo akaendelea kula.

Na hiyo Kariakoo tunayoitaja kila siku ni jina la Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza, waliobebeshwa mizigo ya majeshi wakafa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na huenda wakafika 350,000. Sasa kama hawakuandikwa na aliyewatuma, na sisi tukiona haya kuwavalia ua, wakumbukwe na nani?

Kaka alinyamaza. Baadaye alikuja kuniuliza babu alikuwa wa wapi, tukazungumza mpaka chai ikapoa.

La karatasi sina ugomvi nalo, na kopo nitaendelea kulitilia. Lakini la kufuma nakaa nalo. Dakika ishirini na tano nimeinamia uzi mwekundu, simu iko mbali, nawaza mtu mmoja aliyelala kwenye tope la Kabaw na mimi nikazaliwa kwa sababu aliinuka. La karatasi nalipewa kwa sekunde tatu, nimeshika mfuko wa mboga mkono wa pili. Anayesema langu si la kweli angalau aniulize nimelifanyaje.

Jumapili ya pili ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, nilikwenda Victoria Park, kwenye Tao la Ukumbusho alilolichora msanifu majengo Lutyens, lile lililofunguliwa 1925. Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Katika zile dakika mbili za kimya niliona karatasi nyekundu mbili tatu zikibingirika kwenye majani mbele ya miguu ya watu. Langu lilibaki palepale, na pini ile ya chuma haikutetereka. Mama mmoja aliyesimama kando yangu, amevaa nishani za mumewe, aliligusa kwa kidole akauliza nimelinunua wapi. Nilimwelekeza dukani.

Kwa hiyo, kununua? Nunua. Nakipa nyota nne kati ya tano, na duka lenyewe tano kamili. Nilipomweleza mama mwenye duka habari ya majina ya mishono alichukua kalamu akaanza kusahihisha karatasi moja moja zilizobaki rafuni, nikiwa nimesimama hapohapo. Ukikuta iliyosahihishwa kwa wino wa bluu, ni kazi yake. Badilisha kifungo, weka chepesi, au fuma kiini kwa ule uzi mweusi, unatosha. Usilifue pamoja na nguo nyeupe, linachuja rangi mara ya kwanza. Na tia pesa kwenye kopo siku hiyohiyo unayonunua uzi, kabla hujasahau.

Maua mawili nilimtumia mama mdogo Tabora, kwa mtu aliyekuwa akisafiri Desemba. Alinitumia ujumbe wa sauti: maua ameyapenda, moja ameliweka kwenye kabuti la baba yake, ila jani limefumwa legevu, nilifumue. Ni kweli. Maelekezo yanataka safu moja tu kwenye jani. Wekeni mbili.